Mpingo wa Bibi Ulipopukutika

Juzi nilipita kwa wauza miche wa Mbezi Beach, wale wa kando ya barabara, nikamwona mmoja akikwangua gome la mti mdogo wa kwenye chungu ili amtulize mteja. "Huu umelala tu, sista, haujafa. Si unaona kijani?" Mteja alicheka. Mimi nilipandwa na hasira mpaka nikaondoka bila kununua kitu.

Unajua, mimi nimekulia Chamazi, kwa bibi mzaa mama. Babu alikuwa mchongaji, na kabla hajafariki alileta mche wa mpingo kutoka kwao kusini, akaupanda kwenye ndoo kuukuu ya rangi; patasi yake iliuachia kovu chini ya shina. Bibi aliupogoa miaka na miaka, ukabaki wa kunifika magotini huku shina limekomaa kama la mti mkubwa. Aliumwagilia kabla hata ya kuinjika chai, na harufu ya udongo uliolowa ndiyo iliyokuwa ikiniamsha.

Nikiwa darasa la nne, msimu wa korosho, bibi alisafiri kwao akaniachia mti. "Utapukutika, usishtuke. Unalala. Mie huupa maji kidogo tu." Ulipobaki vijiti na miiba nilishtuka vilevile. Nikamwita mwalimu wetu wa sayansi, jirani yetu, ambaye niliamini hakuna asichokijua. Alichuchumaa, akakwangua gome kwa ukucha, halafu akaweka kidole gumba palepale na hakukiondoa.

"Umekufa, mwanangu. Nipe nikautupe, bibi yako asije akaumia kuuona."

Nilimshukuru. Nilimsaidia hadi kuubeba.

Bibi alirudi na mvua za vuli, na korosho kiroba kizima. Hakunipiga. Alikaa mkekani akiangalia mduara pale ndoo ilipokuwa, na siku hiyo hakunitania hata mara moja.

Wiki chache baadaye nilitumwa kupeleka madaftari nyumbani kwa mwalimu. Mpingo ulikuwa barazani kwake, kwenye chungu kipya, umejaa majani mabichi, na kovu la patasi ya babu liko palepale chini ya shina. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, akaona ninakoangalia.

"Huu mwingine," akasema, hata hakupepesa macho.

Nilikimbia kumwambia bibi, nikamkuta anapepeta mchele. "Mwalimu mzima aje kuiba mti wa kwenye ndoo? Umeuua mti, sasa unataka na kumchafulia mtu jina?" Nikamwambia twende akaone mwenyewe. Nikamvuta mkono, akautoa, akaendelea kupepeta.

Bibi hayupo tena, na uwanja wetu sasa ni fremu za maduka. Mwalimu nimeshamsamehe, au nimechoka tu kumchukia. Ninayemwekea kinyongo ni bibi, na naona aibu kukwambia hivyo, maana alinilea kwa mikono yake. Lakini hadi kwa mwalimu ulikuwa mwendo wa dakika mbili, na hakunyanyuka.