Kontroli Boksi Iliyohukumiwa Bure

Tulimwita Mkasi kwa sababu mbili: alikuwa mshonaji, na ulimi wake haukuhitaji kunolewa. Nimeshona naye chumba kimoja tangu tukiwa wasichana, cherehani yake dirishani, yangu mlangoni. Ninayosimulia hapa niliyaona kwa macho yangu, au niliyasikia kinywani mwake kabla hajapoa.

Gari lake lilikuwa la kijivu, la zamani, lile la madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Alilitumia kupeleka sare mashuleni na mapazia kwenye nyumba za wageni. Alilijua kama anavyoijua cherehani, kwa sauti. Likikohoa tu, alikuwa keshajua limekohoa wapi.

Shida ilianza baada ya lori la mchanga kurudi nyuma na kulibonyeza ubavu wa mbele. Mdogo wa mumewe, yaani shemeji yake, ana gereji kubwa yenye geti la bluu. Akanyoosha bati, akapaka rangi, gari likarudi linang'aa kama sahani ya bibi harusi. Hazikupita siku nyingi likaanza kuzima njiani. Linakwenda vizuri, mara injini kimya, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, usukani mgumu. Ukisubiri kidogo linawaka, kana kwamba si lenyewe lililokuaibisha.

Mara ya kwanza lilimzimia njiapanda, malori yakimpigia honi nyuma. Akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake.

"Shemeji," yule bwana akamwambia, hata boneti hajafungua, "wewe unaachia klachi vibaya."

Mkasi alianza kuendesha gari wakati huyo shemeji bado anasukuma tairi kwa kijiti. Kwa heshima ya mumewe hakumkumbusha hilo. Akajaribu kueleza kwamba gari halizimi ovyo, linachagua wakati. Shemeji akamwambia akapumzike kwenye benchi, mafundi wataangalia.

Wakabadilisha pampu ya mafuta. Likazima. Wakabadilisha plagi na waya zake. Likazima. Mwishowe shemeji akachomeka mashine ya kupima, majina ya vifaa yakajaa kwenye kioo chake, naye akageuka na uso wa daktari anayeleta habari za msiba.

"Kontroli boksi imeungua, shemeji. Ile kompyuta inayoiamuru injini. Imeanza kuota vitu ambavyo havipo."

"Umeipimaje?"

"Kwa uzoefu."

Wakamfungia nyingine, iliyokwisha kutumika kwenye gari jingine. Alipoulizia ya kwake, akaambiwa imetupwa, haina faida tena.

Likazima mbele ya lango la shule, mvua inanyesha, sare zimejaa nyuma. Alilisukuma pembeni yeye na mlinzi. Alipoingia chumbani kwetu maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye viatu, na hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa. Mkasi akinyamaza, ujue kisu kimegota mfupa.

"Hebu niambie," akasema baadaye, huku anakamua kitambaa cha kichwa. "Ningekuwa mwanamume, angeniambia habari za klachi?"

Nikampa kanga kavu, nikamwambia mengine yatapoa.

Nyumbani mumewe, mtu mpole asiyependa kelele, akamsihi. "Yule ni ndugu yangu. Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani."

"Gari halizimi nyumbani," Mkasi akamjibu. "Linazima barabarani."

Kesho yake akalipeleka kwa fundi umeme wa magari, mtu mmoja anayefanyia kazi ndani ya kontena kuukuu karibu na soko. Watu humwita Maswali, na wengi humkwepa kwa hilo. Ukimpelekea gari atakuhoji mpaka ujute. Mkasi, ambaye kwa muda wote huo alikuwa hajaulizwa kitu na mtu yeyote, alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akafunguka kama mto uliochanika.

"Linazima lini?" Maswali akauliza.

"Kwenye foleni. Njia nyeupe, asubuhi na mapema, halizimi kabisa."

"Feni ya rejeta inakuwa inazunguka?"

"Inazunguka. Naisikia inaanza, halafu injini inatetemeka, halafu kimya. Na nikiwa nimewasha taa na waipa, ndiyo mbaya zaidi."

"Umewaambia hayo waliotangulia?"

"Niliambiwa nikapumzike kwenye benchi."

Nisimpambe huyo fundi, naye alianza kwa kupotea. Alishuku rilei, ile swichi ndogo inayopitisha umeme kwenda kwenye boksi. Akaibadilisha, mchana wote ukaishia hapo, na walipolijaribu lilizima kabla hawajafika kona. Maswali akacheka. Mkasi hakucheka.

"Kubahatisha ninako kwa shemeji," alimwambia. "Huku nimekuja kupimiwa."

Basi wakaanza upya. Maswali alichomeka mashine yake, na vifaa vilevile vikajitokeza, vyote vinalalamika kwa pamoja.

"Watu wa nyumba nzima wakiumwa tumbo siku moja," akasema, "usimshike mtoto mmoja ukasema yeye ndiye mgonjwa. Angalia maji wanayokunywa. Hivi vyote vinarudisha umeme wake kwa waya mmoja, na boksi nayo imo humohumo."

Akachukua mita. Ncha moja akaigusisha kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili kwenye ule waya wa kurudisha umeme, palepale unapotokea kwenye boksi. Injini ikiunguruma peke yake, namba kwenye mita ilikuwa ndogo. Feni ilipoanza, ikapanda, dalili kwamba umeme unakwama njiani. Mkasi akawasha taa, ikapanda tena, injini ikatetemeka na kufa mbele yao.

Waya ulikuwa mzima. Waliufuata kwa vidole mpaka ulipofungwa kwa bolti kwenye bati, nyuma ya ule ubavu uliobonyezwa na lori. Maswali akalegeza bolti, akamwita Mkasi atazame. Chini ya kichwa cha waya, mahali ambapo chuma kinatakiwa kigusane na chuma, kulikuwa na rangi. Rangi nene ya kijivu, mpya, inayong'aa.

Mkasi alipiga magoti akaitazama kwa muda mrefu.

"Rangi hii naijua," akasema. "Niliisifu mimi mwenyewe."

Hebu fikiri. Walifungua bolti, wakapaka rangi, wakairudisha juu ya rangi. Umeme ukawa unapenya kwa shida kwenye meno ya bolti tu. Feni ikidai wake na taa zikidai wake, boksi inakosa, inazima. Ugonjwa waliuleta wao, wakautibu kwa vifaa visivyohusika, wakamtupia lawama mguu wa mwanamke, na ilipowashinda wakaihukumu kompyuta isiyo na kosa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Maswali alikwangua ile rangi kwa msasa mpaka bati likawa jeupe, akakaza. Wakawasha kila kinachowaka katika gari lile. Injini haikukohoa.

Mtu mwingine angeshukuru akaenda kulala. Mkasi alinipitia asubuhi na gunia la suruali za kupindwa, akaniambia niingie garini nichukue na sindano yangu. Tukaenda mpaka kwenye geti la bluu. Akaliegesha gari kulikinga geti lote kwa upana, akazima, akatia funguo kifuani, akafungua mlango, akaanza kupinda suruali.

Magari ya kutoka yakakwama ndani, ya kuingia yakakwama nje. Shemeji akaja anafuta mikono.

"Shemeji, unazuia kazi za watu."

"Limezima," Mkasi akasema bila kuinua macho. "Nafikiri nimeachia klachi vibaya."

Mafundi wawili wakageuka kuficha meno. Shemeji akainama, akashusha sauti. "Unataka nini?"

"Boksi yangu."

"Si nilikwambia nimetupa?"

"Umetupa jalala gani? Nitaenda kuitafuta. Kuchambua takataka si kazi ngeni kwangu, nimechambua za mdomo wako."

Simu ya Mkasi ikalia, alikuwa mumewe, nadhani habari zilishamfika. Akamwambia kwa upole kabisa, "Nipo kwa ndugu yako. Tunazungumza kifamilia," akaikata.

Miongoni mwa waliokwama ndani alikuwapo dereva wa teksi, na teksi yake ni ya aina ileile na umri uleule. Alikuwa amesikiliza yote. Akasogea, akamwambia Mkasi, "Mama, mimi hapa nilifungiwa kontroli boksi majuzi. Niliambiwa imetoka ng'ambo."

Akaifunua chini ya dashibodi tukaitazama. Ilikuwa imezungushiwa utepe wa pazia wa njano, uliopigwa mshono wa zigizaga. Zamani kishikizo cha boksi kilivunjika, na Mkasi akaifunga kwa mkono wake mwenyewe isigongegonge. Ng'ambo gani wanakoshona hivyo, sijui.

"Mafundi wangu wamechanganya," shemeji akasema.

Mkasi akamuuliza yule dereva, "Inafanya kazi?"

"Vizuri sana. Nilikuwa nazimiwa kila siku, sasa sizimiwi."

"Basi baki nayo. Wewe unatafuta riziki, na niliyofungiwa mimi inakwenda. Ila ujue ilikotoka." Kisha akamgeukia shemeji. "Sasa waambie hawa watu wako kama tatizo lilikuwa mguu wangu."

Shemeji alitazama geti, akatazama foleni. "Haya, shemeji, samahani kama uliumia."

"Sikuumia. Nilidanganywa."

Alisubiri. Yule bwana akawageukia mafundi wake, akawaamuru warudi kazini. Mkasi akakata uzi kwa meno, akakunja suruali, akaondoa gari.

Mumewe alinuna kwa muda, kisha kununa kukamchosha, na siku moja akaonekana kwenye kontena la Maswali akihojiwa. Shemeji hujikuta na shughuli kila ndugu wanapokutana. Gereji yake haijafungwa, imejaa magari kama zamani, na wanawake bado wanaelekezwa kwenye benchi. Watu humwambia Mkasi, "Achana nayo, yameshaisha." Yeye huwauliza yameisha kwa nani, na mimi, niliyekuwa mtu wa kupoza mambo, siku hizi humsaidia kuuliza.