Tulipokwenda kumhubiria Mama Zuhura

Wapendwa, leo nimeaibika kwa jirani yangu.

Kanisa limetutuma nyumba kwa nyumba hapa Chilangala. Nikampeleka mwinjilisti mgeni kwa Mama Zuhura, Mwislamu, anayeniruhusu kuchota maji kisimani kwake kila kiangazi.

Akatutandikia mkeka, akatupa maji. Mwinjilisti akanywa, akaongezewa, kisha akamwambia asipookoka leo ataungua milele.

Mama Zuhura akanigeukia mimi.

"Mama Neema, na wewe unaamini hivyo?"

Nikasema naamini, wokovu ni kwa Yesu tu.

"Miaka yote tunabangua korosho pamoja. Mbona hukuniambia mwenyewe, mpaka umlete mgeni anitishe?"

Nikaaga, tukaondoka.

Njiani mwinjilisti akasema yule mama ana moyo mgumu.

Sasa ndoo zangu tupu, na miguu haiendi kwake. Ninyi mngemjibuje?