Nyumba ya bibi ilikuwa nzito kwa kompyuta

Sijawahi kumwambia mtu: tangu likizo ianze, najenga nyumba ya bibi, ya kule Uvira tulikokimbia, ndani ya kompyuta.

Ile nyumba haipo tena. Hapa kambini Dzaleka hatuizungumzii, maana tukiitaja mama ananyamaza siku nzima.

Leo kompyuta ikagoma. Umbo kama hili linaungwa kwa pembetatu ndogo ndogo, na mimi nilizidisha. Lazima kupunguza.

Njia ya kwanza inakusanya nukta za pembe zilizo karibu na kuzifanya moja. Haraka sana, lakini mabati yakawa kama yamekanyagwa na ng'ombe 😂

Njia ya pili inapima kwanza: nikitoa hapa, umbo litaharibika kiasi gani? Inatoa pale pasipoharibika. Kona zote zikabaki. Nikafurahi peke yangu.

Mara kandambili za mama mlangoni, anatoka Lilongwe kuuza vitenge.

Siku zote akija nafunika kompyuta. Leo nikaacha.

Akainama kwenye kioo.

"Hii njo nyumba ya kwetu?"

"Njo kwetu, mama."

"Na kale kashimo ka pa baraza, kwenye bibi yako alikuwa anaweka kinu cha sombe? Uliweka wapi?"

Nilikuwa nimekaweka, jamani. Nilikuwa nakaa pale nikimtazama akitwanga hayo majani ya muhogo. Njia ya pili ilikapima, ikaona si kitu, ikakasawazisha.

Nikamwambia naweza kuanza upya na kuonyesha kwa mkono mahali pasiguswe, mashine ipunguze kwingine.

Akavuta kiti. "Basi onyesha. Mi nitakwambia."

Tuko hapa bado. Amekataza kupunguza karibu nyumba nzima. Kompyuta inanguruma, na mama anaongea.

Nyinyi kwenu mngekataza wapi?