Waya Uliobaki kwenye Tundu la Reli

Siku yangu ya kwanza kwenye bodi ya simu ya Tabora, Msimamizi hakunipa hata kiti. Alinisimamisha nyuma ya dada mmoja mzoefu, akasema, "Tazama mikono yake, binti. Maneno ya wateja hayakuhusu." Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi, nami miguu yangu haikutulia. Haijatulia mpaka leo.

Ninyi vijana mnaofunga swichi na ruta za mtandao wa kompyuta mnadhani mambo hayo yalianza na kompyuta. Bodi ile ndiyo iliyokuwa swichi, na akili yake ilikuwa mimi. Mteja akizungusha mpini wa simu, kifuniko kidogo kinaanguka mbele yangu. Nachomeka waya kwenye tundu lake, nauliza anamtaka nani, kisha ncha ya pili naichomeka kwa huyo mmoja tu. Swichi yenu nayo inajua nani yuko tundu gani, wengine haiwasumbui. Baadaye nilihamishiwa meza ya simu za mbali, nikawa ruta. Mtu anataka Dar es Salaam, njia ya Dodoma imejaa, namzungusha kupitia Mwanza. Ruta kazi yake ni kuchagua njia ya kufika mtandao mwingine.

Kifaa chenu cha tatu, daraja, ndicho kilichonitia doa. Daraja huunganisha nyaya mbili zikawa kama mmoja. Likiwa zuri, mazungumzo ya upande huu hubaki upande huu. Lakini neno linalotangazwa kwa wote hulipitisha, wakati ruta ingelizuia mlangoni. Langu mimi halikuwa hata zuri. Lilikuwa kipande cha waya.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Mdogo wangu Zena alikuwa mwalimu katika kijiji kimoja karibu na Tura, mjamzito wa mimba ya kwanza. Asubuhi moja Mwongozaji wa Treni, yule anayetoa ruhusa ya njia kwa kila treni, alinipigia kutoka ofisi ya reli. Reli ilikuwa na simu yake, stesheni zote ndogo kwenye waya mmoja, kila mkuu wa stesheni akisikia kila kitu. Mwongozaji akasema, "Muuguzi yuko stesheni ya Tura, anamtaka daktari. Kuna mwalimu anatoka damu." Jina alilotaja lilikuwa la Zena.

Kuunganisha waya wa reli na bodi yetu kulikatazwa kabisa. Nilimgeukia Msimamizi. Akaniangalia, akasema, "Unganisha. Wakimaliza, chomoa hapohapo."

Niliunganisha. Muuguzi akaongea na daktari wa hospitali ya mjini, na daktari akapanda kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, kuelekea Tura. Hapo ndipo nilipopaswa kuchomoa. Sikuchomoa. Nilitaka habari za Zena. Tena nikamwita mama yetu kwenye simu ya duka la jirani kule mtaani Cheyo, nikamuunganisha naye asikie.

Mama alikuwa mtu wa adabu. Hakuweza kuingia kwenye waya wenye watu bila kusalimia.

"Hamjambo, wanangu?"

"Shikamoo, mama!" akaitika mkuu wa stesheni ya kwanza. Wa pili naye akaja na mwangaluka yake, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, wa tatu akauliza hali ya mzee. Kila mmoja mama alimjibu marahaba, akamuuliza habari za watoto. Wakaanza kumpa pole na dua, wakipokezana. Mimi nilikuwa nimeshageukia wateja wengine.

Kumbe Mwongozaji alikuwa akiita Tura kuomba njia ya kiberenge, na sauti yake inamezwa na salamu. Kiberenge kilisimama stesheni ya njiani kikingoja ruhusa, daktari ameketi na mkoba wake mapajani. Nusu saa nzima. Mwishowe karani wa reli aliingia kwetu mbio, jasho linamtiririka: "Chomoa, dada! Utaua watu!"

Zena alipona. Mtoto, msichana, alikuwa ameshakufa daktari alipofika. Nilipomuuliza, daktari alisema huenda hata kama angewahi, ingekuwa vilevile. Hilo "huenda" nimelala nalo miaka yote. Msimamizi aliniandikia onyo, kisha akanihamishia Nzega. Nako nilikuwa nikisimama kila mara kukagua matundu, wenzangu wakinicheka.

Sasa nimestaafu. Mama amefariki akiamini dua zile zilimwokoa Zena. Sikumvunjia imani yake.

Zena hunipigia kila asubuhi. Nikiona jina lake kwenye simu, napokea kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo, dada. Umeamkaje? Na wajukuu je..."

"Sema kwanza kama kuna shida!" namkatiza.

Hucheka. "Dada, mbona salamu zinakuudhi hivyo?"

Namwambia ni mazoea ya kazi, naye huridhika. Kisha hukata simu, nami hubaki nimeishika, nikijiambia kwamba kesho nitamwambia habari ya ule waya.