Sura Aliyoifuta Kussia

Kussia, mume wa dada yangu Kassite, alikuwa na kasoro moja tu: wivu. Dada alikuwa mfinyanzi, na mwanamume akikawia sana kuchagua chungu sokoni, Kussia alikuwa akimsogelea na kumwambia, “Kaka, chungu hakichumbiwi. Lipa uende.” Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha homa ikamchukua kwa siku tatu, kabla mtama haujakomaa, tukamzika.

Huku kwetu Konso sanamu ya kaburini huchongewa shujaa, aliyeua adui au chui, na mkewe husimamishwa ubavuni pake. Kussia ndiye aliyezichonga, lakini mke wa fundi hana nafasi hapo. Kussia alilia kama sisi wengine, akarudi kwenye tezo lake la kuchongea.

Mwaka uliofuata alipewa kazi ya kumchonga marehemu Orkaydo na mkewe. Sanamu ya mume ilimchukua siku tano. Ya mke ilimchukua mwezi mzima. Mjane wa Orkaydo alipokuja kutazama, aliizunguka ile sanamu ya mke mara mbili, akaketi chini.

“Fundi, huyu si mimi.”

Kussia aliinama, akaokota vibanzi.

“Huyu ni Kassite. Hata vishimo vya mashavuni ni vyake.”

“Mkono ulikwenda wenyewe, mama. Nisamehe.”

“Nikusamehe nini? Mwache asimame. Nitasema ni mimi wa ujana, nani atabisha? Wewe utakuwa unapita pale unamwona.”

Nilikuwepo, nikamsihi Kussia akubali. Yeye alikuwa anaitazama sanamu ya Orkaydo.

“Asimame na mume wa mtu mpaka mti uoze?”

“Orkaydo amekufa, shemeji.”

“Na Kassite amekufa. Ndiyo maana naogopa.”

Akashika tezo. Mapigo manne hivi, mashavu yakaondoka. Kufikia jioni mti ule ulikuwa na sura ya mjane, ikafanana naye kweli, na wanawe wakaisifu. Siku ya kuisimamisha, mjane alilia sana, watu wakadhani anamlilia mumewe.

Wiki ile ile Kussia aliangusha mti wake mwenyewe. Alitaka kumchonga Kassite akae naye ndani, mila iseme itakavyo. Safari hii mkono haukwenda.

Sasa ni miaka tisa. Nyumba yake imejaa wanawake wa mti, wazuri wote, na hakuna hata mmoja aliye dada yangu. Kila akimaliza mmoja huniita, hunimiminia pombe ya mtama ingali moto, kisha huugeuza uso ule kwenye mwanga.

“Ni yeye?”

“Mdomo, shemeji. Mdomo bado kidogo.”

Hurudi kazini akiwa na matumaini, nami hurudi nyumbani nikijilaani. Nilibebwa mgongoni na dada yule, na sura yake ilinitoka kichwani zamani. Hata siku atakayompata sawasawa, sitamjua.