Nyasi Fupi Karibu na Maji

Juzi nilialikwa kutazama mashindano ya gofu hapa Mwanza. Nikakaa kwenye kiti cha kukunja katikati ya watu wenye kofia nyeupe, soda mkononi, kama mtu aliyezaliwa humo. Sikuzaliwa humo, msomaji wangu. Uwanja huohuo niliuvuka pekupeku nikiwa darasa la sita, nikijibanza nyuma ya mawe askari asinione. Leo nina stashahada ya upimaji ardhi niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, na nimerudi nyumbani baada ya miaka kumi na mmoja ya kazi ughaibuni, ambako viwanja viwili vya gofu nilivipima mimi, kuanzia shimo la kwanza hadi la kumi na nane. Kwa hiyo maoni yangu juu ya gofu si ya kijiweni. Uwanja wowote uliofyekwa hadi ukingoni mwa maji umechorwa na mtu asiyeyajua maji.

Basi mchezaji mmoja akapiga mpira ukaenda kuangukia karibu na matete. Akanigeukia akicheka, "Dada mpimaji, hebu nenda kanitazamie umelala wapi."

Niliinuka. Nikapiga hatua sita, miguu ikagoma. Mbele yangu nyasi zilikuwa fupi, laini, zimeteremka taratibu hadi ziwani. Jasho likanitoka mgongoni. Nikasingizia kiatu kinanibana, nikarudi kitini, na soda ile sikuimaliza.

Sikiliza basi, nikueleze ilikotoka hofu hiyo.

Sisi tulikuwa watu wa Kagera, watu wa migombani, mbali na ziwa. Bibi alituleta Mwanza, mimi na mdogo wangu wa kike, tukapanga nyumba ya mawe na bati mlimani, kilima ambacho chini yake ulikuwepo uwanja wa gofu na, upande wa pili wa uwanja, kiwanja cha mpira wa kikapu cha parokia. Bibi alijua kila kitu juu ya ndizi. Alijua ipi ya kupika, ipi ya kuvundika, jani lipi la kufunikia chungu ili mvuke usitoroke. Juu ya ziwa hakujua kitu, nasi hatukujua kitu. Kwetu ziwa lilikuwa mahali dagaa wanapotoka.

Asubuhi nyingi, kabla jua halijachomoza vizuri, bibi alishuka kwenda soko la samaki la Mwaloni kuchukua dagaa wa kuuza. Nilimsikia akitafuta kanga gizani, akikohoa, akifunika moto kwa majivu ili nikiamka nikute makaa. Kabla ya kutoka alinigusa bega na kuniambia, "Mwenzako huyo." Hakuongeza neno. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano. Alilala amekumbatia mguu wangu kama mtu anayeogopa kuachwa na basi.

Sasa mimi nilikuwa nahodha wa timu ya wasichana. Shuleni wasichana walipewa mpira wa pete, lakini mwalimu mmoja aliyesaidia parokiani alikubali tucheze kikapu, mradi tufanye mazoezi alfajiri kabla wavulana hawajafika. Nilikuwa hodari, sikufichi. Nilikuwa mrefu, nilikuwa na pumzi, na mpira wa parokia, mmoja tu uliokuwepo, nililala nao mimi. Wenzangu walinitania, "Nyie watu wa Bukoba mnazaliwa mkijidai, maziwa mnanyonya baadaye." Nikawajibu kwamba mwenye nacho hujidai, asiye nacho hutania.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nilimwamsha mdogo wangu mapema kuliko kawaida. Nilitaka kufika kabla ya wenzangu nirushe peke yangu. Nikambeba mgongoni, mpira kwapani, tukakatisha uwanja wa gofu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Nyasi zilikuwa zimelowa, na kule juu wafyekaji hawakuwa wamezigusa kwa siku kadhaa. Lakini karibu na maji palikuwa na eneo limekatwa vizuri ajabu, fupi, sawasawa kama mkeka. Nikadhani ndipo penyewe, mahali wakubwa wanapomalizia mchezo. Nikamweka mdogo wangu pale, juu ya kanga, kwa sababu hapakuwa na miiba wala siafu. Nikamwambia akae hapohapo asitoke, nikapanda kidogo kuelekea kwenye mawe kupasha mikono kwa pasi kabla ya kwenda kiwanjani. Nilirusha mpira jiweni, ukarudi. Nikarusha, ukarudi.

Mara nikasikia sauti ya kutafuna. Sauti nzito, ya kung'oa, kama mtu anayechana turubai taratibu.

Kiboko alikuwa juu yetu, upande wa nchi kavu, nyuma ya kichuguu. Mgongo wake uling'aa kwa mvua. Alikuwa anakula akishuka, anakula akishuka, anarudi majini. Na kati yake na maji, kwenye mkeka ule alioukata kwa midomo yake mwenyewe usiku baada ya usiku, alikuwa amekaa mdogo wangu, anahesabu vidole vya miguu.

Hakuna mtoto wa kisiwani Ukerewe ambaye angeweza kukosea hivyo. Mtoto aliyezaliwa ufukweni anajua nyasi fupi kando ya ziwa ni meza ya nani. Mtoto wa migombani aliona bustani.

"We binti." Ilikuwa sauti ya chini, pembeni yangu. Mzee mkata nyasi wa uwanja, yuleyule aliyekuwa akitukimbiza kila siku, amechuchumaa nyuma ya jiwe na fyekeo lake. "Usipige kelele. Usimwite. Ukimwita atasimama, na yule akimwona amesimama njiani kwake, basi."

"Babu, ni mdogo wangu."

"Naona. Nyamaza. Naenda kuzunguka kwa chini, nimtoe kwa ubavuni. Wewe usifanye kitu. Umenisikia? Usifanye kitu."

Akaondoka kwa kutambaa. Nami, nahodha, nikaona anachelewa. Nilijua mdogo wangu alikimbilia kila mpira uliopita mbele yake. Nikasema moyoni, nikiurusha pembeni, kulia kwake, atainuka aufuate, atatoka njiani. Ilikuwa pasi ambayo nilikuwa nimeifanya mara elfu. Nikarusha.

Mikono ilikuwa imelowa umande. Mpira uliniponyoka kabla ya vidole kuuelekeza, ukapita kushoto, ukadunda mara moja na kuanza kubingirika moja kwa moja kuelekea majini. Mdogo wangu akacheka. Nakisikia kicheko hicho hadi leo. Akasimama, akaufuata, katikati kabisa ya njia.

Kiboko aliinua kichwa. Alikoroma kama injini inayokataa kuwaka, kisha akaanza kukimbia. Watu husema ni mnyama mzito. Si mzito akikimbia.

Yule mzee alitoka kwenye matete bila fyekeo, akamkwapua mtoto kwa gauni, wakaanguka wote wawili ubavuni. Ardhi ilitikisika hadi nilipokuwa. Maji yakapasuka, yakafunga. Mpira ulikuwa unaelea mbali, unazunguka polepole. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, miguu yote miwili imelowa, na haukuwa umande.

Mzee alimleta mdogo wangu amemshika mkono. Goti lake limechubuka. Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema tu, "Kamwambie bibi yako."

Sikumwambia. Njiani nilimfundisha mdogo wangu maneno: umeanguka kwenye mawe, mpira umeibwa. Nilimfanya ayarudie hadi akalia.

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Bibi akitoka alfajiri, nilifunga mlango kwa komeo na kukaa nimeshika ncha ya gauni la mdogo wangu hadi arudi. Jioni bibi alimwambia jirani yetu huku wanachambua dagaa, "Huyu mkubwa nikimwachia mtoto, naenda hata Ukerewe bila wasiwasi." Jirani akasema, "Mungu kakupa." Nami nikainamisha kichwa kwenye ungo, masikio yanawaka, nikisubiri mdogo wangu afungue mdomo.

Sasa unajua kwa nini naamka alfajiri kutazama ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, na kwa nini nagombana na televisheni. Siku hizi wanarusha kutoka mbali kana kwamba umbali ni sifa. Mchezaji akiona mwenzake yuko peke yake chini ya goli, mikono juu, halafu yeye akarusha pointi tatu, nazima. Vijana wa ofisini wananiambia, "Madam, mchezo umebadilika." Nawajibu wanieleze ikikosa nani ataumia. Wananiona mzee.

Jumapili, baada ya yale mashindano, nilikwenda kwa mdogo wangu, anayeishi mtaa wa Buzuruga. Ana watoto watatu. Tulipomaliza kula nikamweleza jinsi miguu ilivyonigomea uwanjani, kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamwomba msamaha.

Akanitazama kwa mshangao. "Dada, kwani bibi hakuja kukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mimi nilimwambia siku ileile, hata kapu la dagaa hajalitua. Nikamwambia mnyama, babu, mpira, yote."

"Akasema nini?"

"Alikaa chini. Akanishika hivi, muda mrefu, mpaka nikamwambia ananiumiza. Halafu akaniosha goti. Akasema nisikwambie kwamba anajua, hofu uliyonayo inakutosha."

Kwa hiyo maneno yale mbele ya jirani aliyasema akijua. Na kesho yake alitoka tena alfajiri, akatuacha, akijua. Nimejaribu kuvuta picha ya mwanamke yule akishuka kilima gizani, kila hatua inamwambia rudi, na yeye anaendelea kushuka ili mimi nisijione nimeharibu. Siwezi. Nina kipimo cha kila kitu katika kazi yangu, na hicho sina.

Uwanja wa kikapu wa parokia sasa ni maegesho ya magari. Ziwa limepanda, limemeza ule mkeka wa nyasi, na viboko nasikia wamesogea mbali. Nilimuulizia yule mzee kwa vijana wanaoendesha mashine za kukatia nyasi. Hakuna aliyewahi kumsikia, na mimi sikuwahi kumuuliza jina. Bibi tulimzika Kagera, chini ya migomba. Nilipokuwa naondoka kwa mdogo wangu, kabinti kake kadogo kalitaka kunisindikiza hadi kituoni. Mama yake akasema, "Nenda na mama mkubwa," akageuka kuosha vyombo, hata hakututazama tulipotoka.