Dada Zuhura na kinundu cha tano

Akili bado inakataa. Jana nimekupigia Dada Zuhura, simu ikaita mpaka ikakatika, ndo nikakumbuka tumeshakuzika.

Mnaonijua mnajua hata kusema nasema kidogo. Leo nivumilieni.

Alikuwa carer, mtunza wazee, kwenye care home hapa Ilford, huku ughaibuni; mie niko laundry, nafua. Wote Wapemba. Watu wanamkumbuka kwa kicheko. Mie namkumbuka kwa macho yake.

Aliniona kila Ijumaa nasimama mbele ya rota, ile ratiba ya kazi ukutani, natikisa kichwa kama nasoma, halafu naenda kumuuliza mtu niko shift gani. Hakunitangaza. Akawa anasoma yake kwa sauti: "Ohoo, mie Jumanne, na wewe Jumanne. Lete chapati."

Siku moja kwenye break nikamwambia shida ya mama. Nikimtumia pesa, simu anampelekea mwenye duka, na namba ya siri anamtajia. Wanawake wote kijijini kwetu ndo zao, kusoma hawajui. Pesa haijafika mkononi, mtaa mzima ushajua, foleni ya waombaji mlangoni. Mama anataka kuezeka bati, kila mwaka hawezi.

Dada akatoa simu. "Tuwafundishe kwa voice note. Wewe ndo utasema."

"Mie? Skuli yenyewe sikumaliza!"

"Ndo maana. Mie nikieleza nitasema 'soma hapo'. Wewe huwezi kusema hivyo."

Aibu niliyoona jamani! Lakini la kusema nilikuwa nalo, maana mwenyewe nilijifunza hivyo hivyo. Vitochi vyao, simu za kubonyeza, vina kinundu kwenye tano. Kitafute kwa kidole. Juu yake mbili, kushoto nne. Usisome, hesabu tu umebonyeza mara ngapi.

Mpwa wangu kule kijijini, mwenye smartphone, akawa anawasikilizisha kila baada ya alasiri.

Wiki ya pili mama akajibu: "Nimeweza mwanangu! Namba yangu mpya ni…" Akaitaja yote, mbele ya wenziwe!

Dada akapiga ukelele mpaka manager akachungulia, akamrudishia voice note: "Bi Mkubwa! Badilisha sasa hivi! Hiyo hata mumeo haambiwi!"

Mama naye akarudisha: "Mume kashakufa!"

"Basi hata kaburini usiende kuitaja!"

Bati mama kaezeka. Mvua hii kalala pakavu.

Sasa sikilizeni. Zamani kijijini wakichanga rambirambi, zinapita kwa mwenye duka, zinaingia kwa jina lake. Juzi kaka yake Dada, yuko Pemba, kanitumia picha ya meseji za rambirambi zilizoingia kwenye simu yake. Bi Time. Bi Raya. Bi Mwanakombo. Na mama yangu. Kila mmoja kwa jina lake, kwa kidole chake.

Mie kusoma kwangu pole pole, lakini majina yale nimeyasoma yote mwenyewe, mpaka la mwisho.

Umeona Dada? Wanafunzi wako hao.

Mungu akupokee vizuri, mwalimu wangu. Lala salama Dada Zuhura. Huku tunabonyeza wenyewe.